Kijani Kilichozidi Bwawani

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mwanzoni kabisa, ili usichoke kumtafuta katikati ya hadithi.

Jina langu ni Kadiri, mchuna ngozi wa Gisenyi. Wanaonijua wanajua kwamba namtania kila mtu, hata ng'ombe kabla hajalazwa chini. Lakini asubuhi ile sikutania. Nilisimama kwenye ukingo wa bwawa letu, panga mkononi, nikapiga kelele bonde zima lisikie kwamba jirani yangu Straton ni mtia sumu.

Ngoja kwanza nikueleze tulivyokuwa tukiishi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikaa pembeni ya mji, pale nyumba za Waislamu zinapokwisha na mashamba ya bondeni yanapoanza. Nilifanya kazi kwa Faradji, mchinjaji. Yeye alichinja, mimi nilichuna. Jioni nilirudi nyumbani na kwato, kipande cha utumbo, na siku njema kichwa kizima. Mke wangu Saidati alilima. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana, Mukamana, ambaye alikuwa ameachishwa ziwa karibuni.

Mwaka ule Mukamana alianza kuvimba miguu. Nywele zake zikawa nyekundu, laini, kama ndevu za muhindi mchanga. Hakucheza. Hakulia sana pia, na hilo ndilo lilitutisha. Nilimfanyia vituko vyangu vyote, vile vinavyowachekesha hata polisi. Aliniangalia tu.

Saidati alimbeba mgongoni mpaka dispensari. Muuguzi akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole. Alipoondoa kidole, shimo likabaki pale pale.

"Anakula nini huyu?" aliuliza.

"Ndizi," Saidati akajibu. "Viazi vitamu. Na mchuzi kidogo."

"Tumbo inashiba, lakini mwili iko na njaa. Mumupe maziwa. Kama hamuna ng'ombe, mumupe samaki. Umupike, umutoe miiba, umuponde, umuchanganyie na chakula yake. Kila siku, mama. Mukikawia, nitamuona tena hapa akiwa hawezi kusimama."

Maziwa yalikuwa juu Mudende, kwa wenye ng'ombe. Samaki wa ziwa walikuwa haba siku hizo, na wale wazuri walipanda moja kwa moja kwenye meza za hoteli. Utumbo wangu wa ng'ombe mtoto aliutafuna, akautema. Lakini tulikuwa na bwawa.

Tulilichimba mwaka uliotangulia, moniteri wa kilimo alipopita bondeni kufundisha watu kufuga samaki. Nasema tulilichimba. Ukweli, Saidati alichimba na mimi nikasifu. Mfereji mdogo ulileta maji kutoka kijito cha juu. Maji yaliingia upande mmoja, yakatokea upande wa pili, yakashuka mpaka kwenye bwawa la Straton. Ndani tulitia vifaranga vya tilapia. Sasa walikuwa wamefika upana wa kiganja.

Saidati akaanza kutoa samaki kila asubuhi kwa kikapu cha kutegea. Alimponda, akamchanganya na kiazi, akamlisha mtoto polepole. Wiki chache zikapita. Uvimbe ukaanza kupungua, kidogo tu, kuanzia kwenye vidole. Jioni moja Mukamana aliomba chakula kwa mdomo wake mwenyewe. Saidati aligeuka akatazama ukuta, maana hakutaka nimwone machozi.

Basi unaelewa. Lile halikuwa bwawa tu. Ndimo dawa ya mtoto wetu ilimokuwa ikiogelea.

Moniteri alikuwa ametuambia hivi: "Kila wiki, kikapu kidogo cha samadi iliyooza vizuri. Maji yatakuwa kijani kidogo. Samaki watakula kile kijani." Mimi, kama kawaida yangu, nilisikia sehemu iliyonifurahisha. Kijani ni chakula. Basi kijani kingi ni chakula kingi.

Ikafika Idi ya kuchinja. Mwaka ule iliangukia mwisho wa kiangazi. Faradji alichinja mpaka mikono ikamuuma. Mimi nilichuna mpaka nikaota nachuna. Baada ya shughuli ile palibaki chungu ya uchafu: damu, na yale majani mabichi yanayokutwa tumboni mwa ng'ombe, yamesagika nusu, yananuka.

"Tupa mbali," Faradji akasema.

Nikatupa mbali kweli. Nikayabeba kwa vikapu mpaka kwenye bwawa letu, safari moja baada ya nyingine. Hata baada ya sikukuu niliendelea kuleta ya kila machinjo.

Saidati alinikuta namwaga. "Baba Mukamana, hayo si mengi?"

"Mama Mukamana, mtu akilamba kijiko cha asali ananenepa. Akipewa mtungi mzima je?"

"Akipewa mtungi mzima anatapika."

Nilicheka. Sikumsikia. Tena nikafanya la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nikachukua udongo wa mfinyanzi, nikaziba mahali maji yanapoingia na mahali yanapotokea. Kwa nini? Ili ule utamu usishuke bure kwa Straton.

Straton Nzabonimpa alikuwa mvuvi, mtu wa Nyamyumba kando ya ziwa, amehamia bondeni kwetu kwa ajili ya shamba la mkewe. Mtu wa maneno machache. Mkewe, Languida, alikuwa na maneno ya wote wawili. Siku ya pili baada ya kuziba, Straton alipanda kwangu.

"Kadiri, mbona mayi haishuki?"

"Yanapumzika," nikasema.

"Bwawa yangu inapunguka. Fungua."

"Subiri, jirani. Subira ni nusu ya imani."

Hakucheka. Akasema, "Mutu akifunga mayi ya wenzake, ipo siku mayi itamufunga yeye." Akaenda zake.

Maneno hayo niliyaweka moyoni kama mwiba.

Maji yalibadilika upesi. Kwanza yakawa kijani kama jani changa la mgomba. Nikawaita watu waje kuona. Kisha yakawa mazito kama sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa. Juu yake ikatanda ngozi ya kijani, ile ambayo Wanyarwanda huiita urubobi. Ukiigusa kwa kijiti inakunjika. Mimi mchuna ngozi, nikafurahi kuona ngozi hata juu ya maji.

Kisha mawingu ya masika yakaanza kuja. Siku nzima jua halikuonekana, na iliyofuata vilevile. Pembeni mwa bwawa kile kijani kikageuka kahawia. Kikaanza kunuka. Nilisema ni harufu ya unene.

Alfajiri iliyofuata Saidati alikwenda kutega kikapu. Nilisikia akipiga ukelele, nikatoka mbio, kitambaa cha kulalia kikinifunga miguu.

Samaki wote walikuwa juu. Wote! Midomo nje ya maji, wakifungua na kufunga, kufungua na kufunga, kama watu wanaoita bila sauti. Wale wakubwa, tuliokuwa tukiwatunza, wengine walikwisha kulala ubavu. Matumbo yao meupe yalielea juu ya ule urubobi.

"Watakufa wote," Saidati akasema. "Kadiri, mtoto atakula nini?"

Nilikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa muruku.

Muruku ni mti mdogo. Majani yake yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa, wakaelea juu, mtu akawaokota kwa mkono. Wavuvi wanaujua. Ulikatazwa, na mtu akishikwa nao alipelekwa kasho, yaani jela. Nani bondeni alikuwa mvuvi? Nani alikuja kwangu na maneno ya vitisho?

Nikachukua panga. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni nikamwambia ampelekee habari Nsengiyumva, kilongozi wetu, msaidizi wa sushefu, chifu mdogo wa eneo letu, yule anayeamua nani aende mbele ya wakubwa. Kisha nikasimama ukingoni, nikaanza kumtaja Straton kwa jina.

Alikuja. Jembe begani.

"Unasema mi nimefanya nini?"

"Umetia muruku! Unataka mwanangu afe!"

"Rudilia iyo neno."

"Muruku! Mtia sumu! Leo utalala kasho!"

Aliliteremsha jembe begani. Polepole. Nilipandisha panga. Kuchinja si kazi yangu, mimi ni wa kuchuna tu. Lakini hasira haikuulizi kazi yako. Kama mmoja wetu angepiga hatua, hadithi hii angeisimulia mwingine.

Aliyepiga hatua alikuwa Languida. Alipita katikati yetu kana kwamba sisi ni miti miwili ya uani, akapandisha nguo mpaka magotini, akaingia majini.

"Yooo! Mayi gani hii?" akasema. "Straton, weka jembe. Kadiri, endelea kushika panga yako, inakupendeza. Lakini unijibu. Wenye kufa ni wakubwa ao wadogo?"

"Wote!"

"Mi sikuuliza mudomo yako, nauliza macho yako. Angalia."

Nikaangalia. Waliolala ubavu walikuwa wakubwa. Vidogo vilikuwa vingi pembeni, vinahema, lakini viko hai.

"Muruku inaanza na vidogo," Languida akasema. "Muulize mutoto yeyote wa Nyamyumba. Hapa mayi imekosa hewa. Mukubwa anataka hewa mingi, anakufa wa kwanza. Na jambo ingine. Mayi ya bwawa yako inashuka wapi ukiifungua?"

"Kwenu," Saidati akasema, kabla sijafungua mdomo.

"Kwetu. Donc, basi, bwana yangu atie sumu ku mayi yenye itaingia kwa samaki yake mwenyewe? Straton hana maneno, lakini akili iko nayo."

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alinyoosha mkono, akauzamisha majini wima, kiganja kimefunguliwa. Kabla maji hayajafika kwenye kifundo cha mkono, kiganja kilikuwa kimepotea.

"Moniteri alitufundisha hivi. Unaingiza mukono mupaka kiwiko. Ukiona vidole yako vizuri, samaki iko na njaa, unaweza kuongeza samadi. Vidole ikipotea mayi ikifika karibu na kiwiko, iko sawa, uache. Ikipotea mapema kama hii..." Alitoa mkono. Ulikuwa umevaa soksi ya kijani. "Mulitia nini humu?"

Nilitazama mawingu.

"Damu," Saidati akasema. "Na mavi ya tumbo ya ng'ombe wa Idi. Vikapu na vikapu. Akaziba na mfereji."

Nilidhani Straton atacheka. Ningependa angecheka. Alitema mate pembeni tu.

"Lakini kijani ni chakula!" nikasema. "Moniteri alisema!"

"Ni chakula," Languida akakubali. Alikaa kwenye ukingo, akakamua nguo. "Sikia, Kadiri. Urubobi si uchafu. Ni mimea, midogo sana, kila moja huwezi kuiona kwa macho. Kama mimea yote, inapenda samadi na inapenda jua. Muchana jua ikiwaka, inatengeneza hewa ndani ya mayi. Samaki inapumua, tena inaikula. Iyo ni kijani kidogo. Muzuri."

"Na kikizidi?"

"Ikizidi, ya juu inafunika ya chini. Kule chini jua haifike. Mimea ya chini inakufa. Ikikufa inaoza. Na kitu ikioza ndani ya mayi inakula hewa, kama vile damu yako inaoza na kula hewa. Sasa weka usiku. Jua hakuna, kijani haitengenezi hewa tena. Nayo inapumua, samaki inapumua, uozo inakula. Wageni wengi, chungu moja. Alfajiri chungu iko tupu."

"Ndiyo maana wanakufa alfajiri," Saidati akasema taratibu.

"Ndiyo maana. Na juzi na jana mawingu. Hata muchana hewa haikupatikana." Languida akanigeukia. "Muchuna ngozi, leo umejichuna mwenyewe."

Jua lilikuwa limeanza kupenya mawingu. Baadhi ya samaki wakatulia kidogo, wakazama, wakarudi juu. Nikapata tumaini.

"Basi wamepona!"

"Hapana," Languida akasema. "Wamepata ya leo. Jioni hii mawingu itarudi, unaiona kule juu ya milima. Mayi ikibaki hivi, kesho asubuhi hutakuta hata moja. Toa nusu ya mayi iyi, ingiza mupya. Leo."

Nikaruka kuzibua udongo wa kutokea. Jembe la Straton likatua mbele ya miguu yangu.

"Ashwi! Mayi hii haiingii kwa bwawa yangu."

Alikuwa na haki. Maji yale yangeua samaki wake kama yalivyoua wangu. Na kuyapeleka kijitoni hakukuwezekana, kwa sababu watu wa chini walichota huko maji ya kunywa. Kulikuwa na njia moja tu. Kuchimba mfereji mpya upande wa kushoto, mpaka kwenye migomba, ambako maji yale yangekuwa mbolea na yasingemdhuru mtu. Lakini migomba ilikuwa ya Straton. Na kati ya bwawa letu na migomba lilikuwa shamba lake la maharagwe. Lilikuwa linatoa maua.

Sote tuliliona jambo hilo kwa pamoja.

Nikasema, "Straton. Ndugu yangu. Nakuomba njia."

"Panga iko mukononi, na unaniita ndugu."

Nikalitazama panga. Kweli lilikuwa bado mkononi. Nikalitupa majanini.

"Mutia sumu anaombwa njia?" akauliza. "Nimetukanwa mbele ya bonde yote. Kilongozi iko njiani juu yangu. Na wewe unataka nikate maharagwe yangu?"

Saidati ndiye aliyejibu, na hakulia wala hakupiga magoti.

"Straton, huyu amekukosea, naye atalipa kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini samaki si wake. Ni wa Mukamana. Unamjua. Umemwona alivyokuwa."

Straton alitazama maharagwe yake. Kisha akanigeukia.

"Nsengiyumva akifika, utasema nini?"

"Nitasema kweli."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akalichukua jembe, akaingia shambani. Pigo la kwanza kwenye maharagwe alilipiga mwenyewe. Nadhani hakutaka mtu mwingine ayakate.

Tulichimba. Udongo wa kwetu umejaa mawe meusi ya volkano, na kila jiwe lilikuwa limeamua kukaa. Saidati na Languida waliingia bwawani na vikapu, wakakomba ule urubobi juu ya maji, wakatoa samaki waliokufa na kuwazika. Kila mara nilipoinua mgongo niliangalia mbinguni. Mawingu yalikuwa yanashuka. Samaki walianza tena kupanda juu, midomo wazi.

"Usitazame juu," Straton akasema. "Tazama jembe."

Hapo ndipo Nsengiyumva alipofika, kofia kichwani, fimbo mkononi, na nyuma yake watu wa bonde waliokuja kuona mtu akifungwa kamba.

"Mutia sumu iko wapi?" akauliza.

Straton aliendelea kuchimba. Languida alinyamaza, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada ya siku ile. Wote waliningoja.

Nikapanda juu ya udongo, matope mpaka masikioni. "Ni mimi."

"We ndiwe uliniita!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikuita uje unishike, ila sikujua. Straton hakutia kitu. Muruku uliotiwa humu ulikuwa na pembe na mkia, nami niliubeba kwa kikapu kutoka machinjioni. Nimemsingizia jirani yangu. Naomba msamaha mbele yenu wote."

Watu wakacheka. Nsengiyumva alitaka kucheka pia, lakini cheo kilimzuia.

"Kusingizia mutu ni kosa," akasema. "Nikupeleke kasho?"

"Mupeleke kesho," Straton akasema kutoka mferejini, bila kuinua kichwa. "Leo tuko na kazi naye."

Nsengiyumva akatazama bwawa, akatazama mawingu, akawageukia wale waliokuja kuona. "Munasimama nini? Leteni majembe."

Mfereji ulifika kwenye migomba matone ya kwanza ya mvua yakianguka. Tulifungua ukingo wa bwawa upande wa mfereji mpya, taratibu, na kikapu tukakiweka mbele ili samaki wasitoke. Maji yale mazito yakaondoka kwa kelele, yakinuka vibaya, yakatawanyika chini ya migomba. Hatukuyamaliza. Yalipofika nusu tukaziba. Kisha nikaondoa udongo wangu wa mfinyanzi kule juu, na Straton akaleta gogo la mgomba lililopasuliwa. Akaliweka ili maji mapya yaanguke kutoka juu, yapige chini kwa povu.

"Mayi ikianguka inabeba hewa," akasema. Kwa Straton, hiyo ilikuwa hotuba.

Alfajiri Saidati hakunisubiri. Nilimkuta ukingoni, amechuchumaa, hageuki. Nikasimama nyuma yake. Niliogopa kuuliza. Juu ya maji hapakuwa na kitu. Si mdomo, si tumbo jeupe, si chochote.

"Wamekufa wakazama," nikasema.

"Nyamaza."

Alirusha punje za pumba. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha maji yakavimba mahali pamoja, mkia ukapiga, pumba zikatoweka. Mkia mwingine. Na mwingine. Walikuwa chini, mahali pao, wanapumua kama watu wenye adabu.

Saidati aliketi kwenye matope na nguo yake safi, akacheka mpaka akakohoa.

Tulipoteza wakubwa wengi, lakini waliobaki walitosha. Tangu siku ile tulifanya kama Languida alivyofundisha. Uchafu wa machinjioni niliufukia shimoni pamoja na majani na majivu, nikauacha mpaka uwe mweusi, usagike kama udongo na usinuke. Hapo ndipo Saidati alipotia kikapu kidogo, kwenye kona moja iliyozungushiwa vijiti. Kabla ya kutia aliingiza mkono mpaka kiwiko. Siku za mawingu hakutia kitu. Na mfereji haukuzibwa tena. Nilimlimia Straton maharagwe mapya, akasimama kivulini kunihesabia makosa. Migomba yake, kwa kunywa maji yetu mabaya, ilizaa mikungu mpaka tukaiwekea nguzo. Na Mukamana? Miguu yake ilirudi kuwa miguu. Nywele zikaota nyeusi. Alianza kukimbia, na hapo tukaona kumbe kumchunga ni kazi ngumu kuliko kumuuguza.

Ikafika Idi ya mwaka uliofuata. Faradji, mchinjaji, alikuja mwenyewe bondeni, watu wake wamebeba vikapu vya damu na mavi ya tumbo.

"Kadiri," akasema, "mwaka huu umelinyima bwawa lako uchafu wangu. Nimekuletea. Tia bwawani."

"Mzee Faradji, hapana. Shimo liko kule."

"Shimo! Baba yangu alimwaga ziwani maisha yake yote."

"Na pale alipomwaga leo ni kijani mpaka mtu haoni jiwe," nikasema. Nikamweleza habari ya urubobi, na jua, na hewa inayokwisha alfajiri. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Samaki kukosa hewa ndani ya maji!" akacheka, akawageukia watu wake wacheke pia. "Nani amesikia hiyo? Maji ni nyumba yake. Mungu amempa. Mtu hawezi kukosa pumzi ndani ya nyumba yake mwenyewe!"

Wakacheka. Mmoja wao alikwisha kuinua kikapu.

Saidati alitoka majini, mkono mmoja wa kijani mpaka kiwiko, akasimama mbele ya kile kikapu.

"Mzee Faradji," akasema, "na yako ni nyumba yako. Leo jioni ijaze moshi, funga mlango na dirisha, ulale. Kesho asubuhi tutakuja kukuzika, tukiwaambia watu kwamba marehemu alikuwa kwake."